Herufi H Chini ya Lori la Mzee Kamugisha

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi wa waliosema bado wapo, baadhi yao wananunua mahindi pale Misiera, mtaa mmoja wa kambi yetu ya Nakivale hapa Uganda, mpaka leo, na ningependa wasome haya kabla macho yao hayajachoka kama yangu.

Walisema mkimbizi hawezi kuanza masomo ya ufundi wa magari akayamaliza. Nilipoyamaliza, chuoni Mbarara, kwa diploma yenye muhuri na sahihi tatu, wakasema anayerudi Nakivale na diploma ni yule aliyetapikwa na mji. Na nilipofungua karakana ya turubai karibu na Base Camp, kitovu cha kambi, alikuja Papa Mulonda, mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa kwetu kabisa kutoka Kivu Kusini. Akasoma diploma yangu niliyoitundika kwenye nguzo, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta kosa. Kisha akasema mbele ya watu:

"Weye Diploma, hii karatasi itachomea chuma? Siku utaweka mukono ku lori ya silinda munane, uniite. Nitaleta kiti, nikae fasi muzuri, niangalie vile unaanguka."

Watu walicheka sana. Jina Diploma likanishika kuanzia siku ile, na lori la silinda nane, kama mtakavyoona, lilikuja.

Mwezi uliopita nilitundika kofia ya kuchomelea. Ninyi mnaobaki na karakana mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Sitaandika nililipwa nini wala nilipanda cheo lini. Karakana ilikuwa yangu, kwa hiyo nilijipandisha mwenyewe siku ya kwanza na sikushuka tena. Nitaandika nilivyoanza, na nitaandika juu ya bomba moja, fupi kuliko mkono wangu, ambalo ndilo lililonifanya fundi.

Nilianza Mbarara, katika gereji ya Fundi Robati, Mnyankole mwenye sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Alikuwa akisimama barabarani na chai yake, lori linapita, naye anasema, "Hiyo, nozeli ya tatu imekufa." Dereva akirudi baada ya siku mbili, tunafungua, nozeli ya tatu imekufa. Asubuhi nilikuwa kwake, jioni nilikuwa darasani. Darasani niliambiwa kwa nini, kwake niliambiwa wapi. Fundi mwenye kimoja tu kati ya hivyo viwili ni nusu fundi, na sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu mimi nilikuwa navyo vyote.

Siku yangu ya kwanza alinituma nichomelee kishikizo cha bomba la moshi kwenye pikapu. Nikachomelea vizuri sana. Nilisahau tu kuchomoa waya wa betri, na umeme wa mashine ukapita ukaunguza altaneta. Fundi Robati hakunipigia kelele. Alichukua spana namba kumi, ile ya kufungulia betri, akaipitisha kwenye kamba ya kiatu na kunivisha shingoni.

"Mwezi mzima, ssebo," akasema, yaani bwana. "Hata kanisani."

Niliivaa hata kanisani. Mchungaji aliniuliza kama ni nadhiri, nikamjibu ndiyo. Tangu hapo sijaunguza altaneta ya mtu, na spana ile ninayo mpaka leo.

Fundi Robati alinifundisha mambo mengi mazuri na moja baya. Lile baya nitalifikia.

Nilirudi Nakivale kwa hesabu rahisi. Kila msimu wa mahindi malori yanaingia kambini kubeba magunia, na kila msimu mengine yanakufa humo humo, dereva analala chini ya gari siku tatu akingoja fundi atoke Mbarara. Nikasema fundi huyo nitakuwa mimi, na sitatoka Mbarara, nitatoka nyumba ya pili. Tatizo ni kwamba nilirudi na diploma, spana kumi na mbili na grenda moja. Sikuwa na mashine ya kuchomelea, sikuwa na umeme, sikuwa na jiliwa la kubania chuma.

Vitu hivyo vitatu niliviazima, na waazimishaji nawataja kwa sababu bila wao hakuna hadithi. Jiliwa lilitoka kwa Mzee Sinda, Mrundi mzee aliyekuwa akitengeneza majiko na milango ya bati. Lilikuwa la chuma zito, limechakaa meno. Jenereta ilitoka kwa Mama Zawadi, mwenye ukumbi wa kuonyeshea sinema na mpira. Na mashine ya kuchomelea, msishangae, ilitoka kwa Papa Mulonda. Aliipata kwa mtu aliyeshindwa kumlipa mahindi, ikawa imekaa ghalani kwake chini ya magunia, kuku wanaitagia. Nilipoenda kuiomba alicheka mpaka akakohoa.

"Beba," akasema. "Bila mashine utasema ulianguka juu ya kukosa mashine. Sasa hautakuwa na la kusema."

Wote watatu walinipa hadi mwisho wa msimu, si zaidi. Mzee Sinda ndiye aliyeniwekea sharti ambalo sikulisahau. Kwetu, na kwao Burundi pia, sahani ya jirani hairudi tupu. Jirani akikuletea maharage, sahani inarudi na ndizi, au hata na chumvi. Mzee Sinda aliweka mkono juu ya jiliwa akasema, "Mwanangu, kifaa ni kama sahani. Sitaki pesa yako. Lakini kisirudi kitupu."

Nikamwahidi. Siku hiyo sikujua nitatia nini ndani ya jiliwa.

Lori la Mzee Kamugisha lilifika katikati ya msimu. Mzee Kamugisha alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa nafaka, anayejulikana kuanzia Kikagate mpakani hadi Bwizibwera wanakokusanya maziwa. Lori lenyewe lilikuwa la Kijapani, la zamani, injini ya V, silinda nne kushoto na nne kulia, na kila upande una bomba lake la moshi linalokimbia nje ya fremu hadi nyuma. Dereva wake, Kato, kijana mpole, alishuka akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama mwenye malaria.

"Si malaria," akaniambia. "Ni gari. Inapiga ngoma ndani ya kichwa. Na ikifika mlima ya kwenda Isingiro inakosa pumzi, mimi natia namba moja, watu ya baiskeli wananipita."

Mzee Kamugisha alishuka upande wa pili na kikombe cha bushera, uji wa mtama wa huku Ankole, na mbele ya shati lake ulikuwa umemwagika mstari mrefu.

"Ona," akasema akinionyesha shati. "Hii gari inanywa bushera yangu kabla yangu mimi."

Niliingia chini. Nilikagua kichujio cha hewa, nozeli, pampu, kwa sababu fundi anayerukia bomba la moshi kabla ya kukagua hivyo ni mwizi au mvivu. Vyote vilikuwa salama. Kisha nikapitisha mkono kwenye mabomba mawili, nikakuta kila moja lina kiraka cha bati, kimoja kinamtazama mwenzake. Hapo nikajua. Kiwandani lori lilikuwa na bomba la kuvuka, linalounganisha la kushoto na la kulia. Mtu mmoja, siku moja, alitaka kushusha giaboksi, bomba likamzuia, akalikata kwa grenda na kuziba matundu. Kazi ya nusu saa, maumivu ya miaka.

Watu wengi huniuliza bomba hilo ni la nini, kwa kuwa moshi ungetoka tu. Huwa nawaambia wafikirie foleni mbili za mgao wa chakula pale Base Camp. Injini ya V nane haitemi kwa zamu sawa, kushoto kulia, kushoto kulia. Kuna mahali upande mmoja unatema mara mbili mfululizo na mwenzake amenyamaza. Kwa hiyo foleni moja inajaa watu wanasukumana, nyingine ina nafasi. Ukifungua mlango kati ya foleni mbili, waliobanwa wanapita upande wenye nafasi, na msukumano unaisha. Bomba la kuvuka ni huo mlango. Haliongezi nguvu za miujiza, anayewaambia hivyo anauza bomba. Linarudisha pumzi ambayo injini ilikuwa nayo, na linanyamazisha ngoma.

Nikamweleza Mzee Kamugisha. Akasikiliza, akainua turubai nyuma ya lori, akatoa kitu kinachong'aa.

"Hata Robati wa Mbarara alisema hivyo. Akaniuzia hii. Alitaka niache gari kwake wiki mbili, mimi nikakataa, mahindi haingoji."

Kilikuwa kipande cha herufi X: mabomba mawili yanayokutana katikati, yakakumbatiana, yakaachana tena. Kazi nzuri kwa macho. Hili ndilo lile jambo baya alilonifundisha mwalimu wangu: kwake X ilikuwa dawa ya kila gari. Alipenda sauti yake, sauti ya juu, safi, ya magari ya mashindano. Na ni kweli, katika gari dogo la petroli linalokimbia, mabomba yakiwa karibu karibu, X inapitisha moshi vizuri kuliko kitu kingine.

Lakini mimi nilitazama lori lililokuwa mbele yangu. La kwanza, tundu la X ile lilikuwa jembamba kuliko bomba la lori kwa vidole viwili. Mlango wa foleni ukiwa mwembamba kuliko foleni, umetengeneza foleni ya tatu. La pili, ili X ikae, lazima uyatoe mabomba yote mawili huko nje ya fremu na kuyaleta katikati, chini ya shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma. Na barabara zetu za Nakivale, mnazijua, zina mgongo wa udongo katikati. X ingekuwa inalima. Kilichotakiwa ni kipande kimoja kilichonyooka, kipite juu ya shafti kutoka fremu hadi fremu, chenye upana sawa na mabomba yenyewe. Herufi H.

"Mzee, nitaweka H," nikasema.

"Robati anasema X."

"Robati hajalala chini ya gari hili. Mimi nimelala."

Mzee Kamugisha akaniangalia, kisha akaangalia diploma kwenye nguzo. Kule nyuma Papa Mulonda alikuwa tayari amefika. Habari za Misiera hazihitaji simu. Kiti hakuleta, aligeuza jerikeni akakalia.

"Kale, haya," akasema Mzee Kamugisha. "Weka hiyo H yako. Jumatatu napakia magunia, napanda mlima. Gari ikipanda, magari yangu yote yanakuja kwako. Ikikataa, mimi nitasema kwa kila mtu kutoka Kikagate mpaka Bwizibwera kwamba hapa hakuna fundi. Na mimi ninaongea mingi, uliza Kato."

"Anaongea," akasema Kato.

Ilikuwa Alhamisi. Nilijua vizuri kilichokuwa kinapimwa. Nikishindwa, hakuna lori lingesimama tena mlangoni kwangu, mashine ingerudi kwa kuku, jenereta kwa sinema, jiliwa kwa Mzee Sinda likiwa tupu, na mimi ningerudi kubeba magunia ya Papa Mulonda, kazi niliyoifanya kabla sijasoma.

Swali la kwanza ni wapi pa kuweka H. Matundu ya zamani hayakufaa, bati lilikuwa limeliwa na kutu. Wengi huweka popote penye nafasi. Mimi nilinunua mche wa sabuni ya kufulia, nikachora mistari juu ya mabomba yote mawili, kila shubiri mstari mmoja, kuanzia injini hadi nyuma. Papa Mulonda akauliza kwa sauti kama sasa Diploma anafua magari. Nikamwacha. Kato akapakia, akaenda akapanda kilima cha karibu mara tatu na kurudi. Sabuni hugeuka rangi kwa joto: kahawia, kisha nyeusi. Mahali ilipoanza kuwa nyeusi kuliko pengine, mbele kidogo ya mkono wa fremu, kile chuma kinachoishika kwa upana, pande zote mbili karibu sawa, ndipo moshi ulipokuwa ukibanwa. Hapo ndipo nilipokata.

Sasa nitaandika kosa langu, moja tu, na ninaliandika kwa sababu mke wangu atasoma. Bomba la chuma cheusi la upana ule halikuwepo Nakivale. Lilikuwepo bomba la maji, la pampu ya zamani, limepakwa zinki linang'aa, na nilijua, darasani nilifundishwa, kwamba bomba lenye zinki halichomelewi. Lakini ilikuwa Ijumaa, na Papa Mulonda alikuwa kwenye jerikeni yake. Nikachomelea. Ulitoka moshi mweupe mzito kama wa kuni mbichi, ukaniingia chini ya kofia. Jioni meno yalikuwa yanagongana, mwili wote homa. Mke wangu akaninywesha maziwa vikombe vitatu, maana hapa Ankole kila ugonjwa ni maziwa kwanza. Asubuhi homa ilikuwa imeisha, lakini kiungo kilikuwa kimejaa vitundu kama mkate, na nilipokigonga kwa nyundo kikapasuka.

"Diploma amelewa moshi," Papa Mulonda akawa anatangaza Misiera nzima. "Na hata pombe hakukunywa."

Aliyenisaidia ni Mzee Sinda. Alikuja Jumamosi ile akaokota kipande kilichopasuka, akakigeuzageuza.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua, Mzee."

"Basi tatizo si akili. Ulikuwa unamchomelea Mulonda. Chomelea lori."

Nilipanda pikipiki hadi Mbarara, nikaenda kwenye chuma chakavu, nikachagua bomba la moshi la basi la zamani, chuma cheusi, kinene, upana uleule. Niliupima kwa uzi, si kwa jicho. Nilipita mbele ya gereji ya Fundi Robati, naye aliniona na bomba begani.

"H?" akauliza.

"H, Fundi. Ya lori la Mzee Kamugisha. Mabomba yake yako nje ya fremu, na shafti iko katikati."

Alikunywa chai yake kwanza. "Mimi sikwenda chini ya hiyo gari," akasema. "Niliangalia tu pesa ya mzee. Toa betri."

"Nimeshatoa."

Ndivyo mwalimu wangu alivyonipa diploma ya pili, ambayo haina muhuri.

Jumapili nilifika mapema kuliko kanisa, Mungu anisamehe. Jenereta ya Mama Zawadi nilikuwa nayo hadi saa kumi tu, kwa sababu saa kumi kulikuwa na mpira, na kundi zima la vijana lilikuwa limeshalipa. Nilibana bomba kwenye jiliwa, nikachonga ncha zake kwa tupa mpaka zikakumbatia mabomba makubwa bila kuacha mwanga. Hilo lishikeni: kiungo kizuri hutengenezwa na tupa, moto unakuja kuthibitisha tu. Halafu nikafanya jambo ambalo kiwanda hakikufanya. Nilikata H yangu katikati na kuweka flanji mbili, visahani vya chuma vinavyokabiliana, zenye bolti nne na gasketi. Siku mtu akitaka kushusha giaboksi, afungue bolti, asishike grenda. Lori lile lilikuwa limeugua kwa sababu mtu alikosa njia ya kufungua. Mimi nilimwachia mlango.

Saa tisa na nusu vijana walikuja kusimama kunizunguka, mikono kifuani. Hawakuwa wamekuja kujifunza.

"Mama Zawadi, wambie bangoje kidogo," nikasema kutoka chini ya lori.

"Mimi nitabangojesha," akajibu Mama Zawadi, "lakini mpira hautangoja. Maliza, baba."

Nilimaliza rodi ya mwisho ya kuchomelea saa kumi kasoro dakika tano. Walibeba jenereta mbio kama wanaobeba majeruhi.

Jumatatu Kato alipakia magunia ya mahindi mpaka springi zikanyooka. Aliwasha. Watu walikuwa wengi, kuliko nilivyotaka. Lori halikupiga ngoma. Lilitoa sauti moja, nzito, ya chini, pande zote mbili pamoja, kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja baada ya ugomvi mrefu. Nilipanda kabini katikati ya Kato na Mzee Kamugisha, ambaye alikuwa amevaa shati safi na ameshika kikombe cha bushera kilichojaa hadi ukingoni.

"Hii ndiyo kipimo yangu," akasema.

Tulipofika chini ya mlima, Kato akaingiza namba tatu na kunitazama. Kwenye kona ya kwanza, pale alipozoea kuteremka hadi namba moja, mkono wake ulienda kwenye gia kwa mazoea, ukasubiri, ukarudi kwenye usukani. Nilitazama kioo cha pembeni: moshi ulikuwa mwembamba, rangi ya majivu. Tulimpita mtu wa baiskeli. Kato alimpigia honi, na nadhani alikuwa akilipa deni la muda mrefu.

"Iko na pumzi, Fundi," akasema taratibu. Si Diploma. Fundi.

Mzee Kamugisha aliinua kikombe, akanywa. Kona ya pili, akanywa tena. Tulipofika juu alikigeuza kikombe chini juu dirishani ili nione kwamba hakuna tone, kisha akaangalia shati lake, safi kama lilivyopigwa pasi.

"Banange, jamani," akasema. "Nimekunywa yote mimi mwenyewe."

Alitimiza neno lake. Kabla msimu haujaisha nilikuwa nimelala chini ya magari yake yote, na ya shemeji zake, na ya maadui zake pia, kwa sababu mtu yule kweli anaongea sana. Nikapata mashine yangu, jenereta yangu, jiliwa langu. Katika miaka yote iliyofuata nimeweka mabomba ya kuvuka ya kila namna, hata X, mara mbili, kwenye magari yaliyostahili X. Kila mara nililala chini kwanza. Hilo ndilo somo lote, mengine ni sabuni na tupa.

Lakini mnataka kujua ya waazimishaji. Siku ya mwisho ya msimu ule nilimwomba Kato lori, lile lile, nikapakia vifaa vyote vitatu juu yake, tukazunguka Misiera mchana kweupe, polepole, ili kila mtu asikie jinsi lisivyopiga kelele.

Tulianza kwa Mama Zawadi. Jenereta yake ilirudi na sailensa niliyoitengeneza mwenyewe, kwa sababu kabla ya hapo wateja wake walikuwa wakitazama sinema bila kusikia maneno. Akaiwasha pale pale, akasikiliza, akamwita jirani aje asikilize. "Kumbe hawa watu ba sinema bamesema miaka yote," akasema.

Kisha Mzee Sinda. Jiliwa lake lilirudi na meno mapya niliyoyachonga kwa chuma cha springi ya lori. Alilifungua na kulifunga mara tatu, akaweka kidole gumba kati ya meno, akabana kidogo mpaka ngozi ikaonyesha alama.

"Halikurudi tupu," akasema, basi. Kwa Mzee Sinda hiyo ilikuwa hotuba.

Wa mwisho alikuwa Papa Mulonda. Alikuwa mbele ya ghala lake, amekaa juu ya jerikeni, na watu wake wa mizani wamemzunguka. Nikashusha mashine ya kuchomelea, safi, na nyaya mpya. Akaikagua pande zote, kama alivyosoma diploma.

"Bon. Mashine imerudi," akasema. "Na Mzee Sinda anasemaka kifaa hakirudiake bure. Umeleta nini?"

Kato akanipa kile kitu kutoka juu ya lori. Mzee Kamugisha alikuwa ameniachia ile X yake, akisema hataki kuiona tena. Nilikuwa nimeisimamisha wima, miguu miwili chini na mikono miwili juu, nikaipa vikanyagio vya chuma ili isilale, nikaifungia ubao wa mninga juu kwa bolti, na kuipaka rangi ya buluu. Nikaiweka mbele yake.

"Papa, ulisema utaleta kiti uangalie nikianguka," nikamwambia. "Siku ile ulikaa kwenye jerikeni. Nimeona si heshima. Nimekuletea kiti."

Watu wa mizani walianza kucheka, kisha wakamgeukia wamwone. Papa Mulonda alisimama. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akakisukuma kushoto, akakisukuma kulia, akapitisha kidole kwenye kila kiungo nilichochomelea akitafuta tundu. Hakulipata. Akaketi taratibu, akaegemea mbele, akaegemea nyuma, uzito wake wote, na si mtu mwembamba.

"Haitikisike," akasema.

Akamgeukia mtu wake wa mizani. "Ondosha ile jerikeni. Na lete kiti kingine, Fundi akae."